Naomba riwaya za mapenzi zenye ndugu ndani yake, za kumsomea mama mkwe

FundiMajengo (Moshi)

Habari za jioni wakuu. Naomba vitabu, ila mnisome hadi mwisho kabla hamjanitajia chochote. Nikiuliza kwa kifupi najua mtaniletea ile orodha ya vitabu vya mtihani na uzi utaishia hapo.

Mimi ni fundi cherehani, fremu yangu iko Majengo hapa Moshi. Mama mkwe wangu ameshuka kutoka Kidia, Old Moshi, anakaa na sisi kwa ajili ya kliniki ya macho. Ana presha ya macho. Daktari amesema kilichopotea hakirudi, tunapigania kilichobaki. Mtu akiingia mlangoni anamtambua, mgomba wa jirani anauona, lakini herufi ndiyo basi tena. Na huyu si mama wa kuwekewa redio mkaondoka. Alisoma shule ya misheni, Biblia anaijua kwa sura na mistari, na kule kwake gazeti lililofungiwa nyama lilisomwa kwanza, nyama ikasubiri. Kumkuta saa kumi jioni amekaa na mikono mapajani kunaniumiza mimi kuliko yeye.

Basi nikifunga fremu na kumaliza kupika, namsomea. Nilianza na Biblia. Akasikiliza sura moja kwa heshima, kisha akaniambia, "Hao nawajua. Nisomee watu wengine."

Nikaingia kwenye simu, kwenye hizi simulizi za mitandaoni. Nikachukua moja inayosifiwa sana: msichana maskini, bosi tajiri wa Dar, gari jeusi, hoteli ya ufukweni, machozi, ujauzito. Nikasoma kwa mbwembwe zote. Mama kimya. Sehemu ya tatu ilipoisha akauliza, "Hawa watu wanakula wapi?"

Nikamwambia hotelini, mama.

"Kila siku?"

Nikasema ni matajiri. Akakaa kidogo. "Na huyu binti hana shangazi? Mimba imeingia, na hata mjomba mmoja hajaja kuuliza?"

Aisee, siku hizi siwezi kusoma hadithi ya mapenzi bila kusikia swali hilo. Nikiona wapenzi wamekaa kwenye sofa kurasa kumi, hakuna anayepigiwa simu ya ada ya mdogo wake, hakuna mgonjwa aliyeletwa kutoka kijijini, hakuna kikao cha harusi watu wakichungulia sakafu pale mchango unapotajwa, naona mwandishi ananipotezea bando. Mimi nilipochumbiwa, mbege, ile pombe yetu ya ndizi na ulezi, ilinywewa na watu ambao majina yao siyajui hadi leo, na kila mmoja wao alikuwa na neno la kusema juu yangu.

Baadaye binti wa jirani akaniazima Rosa Mistika ya Kezilahabi. Hapo ndipo tulipopatana. Ile sehemu ya mwanzo, Zakaria anampiga Rosa kwa ajili ya barua ya mvulana, mama aliacha hata kusokota pindo la kanga yake, akatulia. Hapo kuna baba, kuna mama, kuna wadogo, kuna pombe, kuna ada. Shida ikaja mbele. Mnaokijua kitabu mnajua Rosa akishatoka nyumbani mambo yanakuwaje. Sasa mimi mkamwana, namsomea mama mzaa mume wangu, mume mwenyewe yuko palepale sebuleni anaangalia mpira bila sauti. Nikafika mahali, nikaona haya, nikafunua ukurasa wa mbele nikaendelea kama hakuna kitu.

Mama akasema, "Umeruka."

"Sijaruka mama."

"Karatasi imelia mapema. Rudi. Unadhani huyo mume wako nilimwokota sokoni Mbuyuni?"

Mume wangu alichukua koti akasema anaenda kununua vocha. Nikasoma. Sauti yangu ilikuwa kama ya mtu anayesoma matangazo ya ndoa kanisani, lakini nilisoma.

Kitabu kilipoisha sikuulizwa lolote juu ya Rosa. Aliuliza habari za Regina, mama yake. Alitaka kujua yule mwanamke alikuwa anafikiria nini usiku mume akilala. Nikamwambia kitabu hakisemi sana. Akasema, "Basi huyo ndiye wa kuandikiwa kingine."

Kwa hiyo ombi langu ni hili. Nataka riwaya za mapenzi na familia, za sasa na za wakati wa zamani, lakini ziwe na ndugu, mashamba, madeni, mahari, wakwe. Za zamani anazipenda zaidi. Bibi mzaa baba yake alikuwa mwali wakati Wajerumani walipomnyonga Mangi Meli, chifu wa Old Moshi, ile tarehe 2 Machi 1900, na hadithi hiyo mama anaisimulia hadi leo. Ila anachosimulia si kamba wala mti. Anasimulia kwamba bibi yake alikuwa ameshachumbiwa, ng'ombe wa kwanza ameshapelekwa, halafu nchi ikavurugika na ikawa haijulikani yule ng'ombe sasa ni wa nani. Wazee wamegombana juu ya ng'ombe huyo hadi wamezeeka. Mimi nikisikia "riwaya ya kihistoria" ndicho ninachokitafuta, yule ng'ombe.

Kiswahili kisiwe kizito sana, maana tukisimama kila mstari kuulizana utamu unaisha. Na mniambie pia, nyie mnaosomea wazee, yale mambo mnayasoma au mnayaruka?

MwalimuMstaafu_Sanawari (Arusha)

Binti yangu, kwanza mfikishie mama shikamoo yangu. Mtu anayesikia karatasi ikilia mapema nilimhitaji darasani miaka yangu yote ya kufundisha.

Swali lake la "wanakula wapi" lichukue kwa uzito. Sisi walimu tuliziua riwaya hizi kwa kuwauliza wanafunzi dhamira na wahusika, mtoto anakariri kwamba mwandishi "amefanikiwa kuonesha athari za malezi mabaya," na hajajua ndani ya nyumba ile ni nani anayeshika funguo za stoo. Mama mkwe wako anasoma vizuri kuliko mitaala yetu. Nimetoka nje ya mada, nirudi.

Kitabu chako ni kimoja na kina jina refu: Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali, cha Aniceti Kitereza. Kitereza alikuwa Mkerewe, kisiwa kilekile cha Kezilahabi, kwa hiyo mama atakuwa hajasafiri mbali kutoka kwa Rosa. Alikiandika kwa Kikerewe, akakimaliza mwaka 1945, na hakupata wa kukichapa. Akakigeuza mwenyewe kwa Kiswahili, na kwa Kiswahili hicho ndipo kilipotoka mwaka 1980 kwa Tanzania Publishing House (TPH). Yeye akafariki mwaka 1981. Miaka thelathini na mitano mtu anakaa na mswada wake! Kijana wa leo akikosa watu wa kumsifia usiku mmoja, asubuhi anafuta alichoandika.

Hadithi ni ya kabla ya utawala wa wageni. Mume na mke wanapendana, watoto hawapati. Ndugu wa mume wanaanza maneno: huyu mwanamke wa nini, oa mwingine. Wazazi wa Bugonoka wanasikia binti yao anavyotukanwa, wanakuja kumchukua. Sasa angalia Myombekere. Anabaki peke yake nyumbani, na mwanamume wa zamani peke yake nyumbani ni taabu tupu, halafu anafunga safari kwenda ukweni kuomba arudishiwe mke. Wakwe wanamtoza faini ya pombe ya ndizi. Pombe ya ndizi, binti yangu, mama wa Old Moshi atakaa wima kwenye kiti! Na faini ile haimalizwi kwa sentensi moja. Unaoneshwa inavyotafutwa, inavyotengenezwa, nani anasaidia, nani anabeba, nani anaipokea na kwa maneno gani. Mapenzi ya Myombekere yako palepale kwenye ile mitungi. Sijasoma mahali pengine mwanamume akimwambia mke wake anampenda kwa jasho la namna ile.

Nakuonya juu ya mwendo wake. Kitereza hana haraka. Watu wakikutana watasalimiana hadi salamu ziishe, mvua ikinyesha utajua paa limeezekwa na nini. Wanaopenda mbio hukiacha kurasa za mwanzo. Kwa kusoma kwa sauti jioni, mimi naona ndio mwendo wenyewe.

Cha pili ni Nyota ya Rehema cha Mohamed Suleiman Mohamed, cha 1976. Rehema anakataliwa na Fuad, baba yake mwenye mali, anaishi maisha magumu, anampata Sulubu, mkulima asiye na kitu ila mikono yake. Halafu linakuja suala la shamba: ni la nani, nani ana karatasi, nani ana haki ya damu. Kwetu huku ambako binti hana kihamba, yaani shamba la ukoo, na kila familia ina dada aliyerudi kutoka kwenye ndoa akaoneshwa kona ya kujenga kibanda, soma kitabu hicho mume wako akiwepo. Asiende kununua vocha.

Kuhusu kuruka: usiruke. Msikilizaji ameshakupa ruhusa, tena kwa ukali.

Dogo_wa_Pasua

Dada yangu nimecheka hapo kwenye vocha hadi konda kanigeukia.

Ila mbona unajitesa? Siku hizi YouTube kuna simulizi zinasomwa na watu wenye sauti zao, mpaka muziki wameweka. Muwekee spika ndogo, wewe ushone nguo za watu. Na hizo simulizi za mitandaoni usizidharau, mimi nafuatilia moja nipo sehemu ya 87, jamaa anatuma kwenye grupu ukimlipa. Ina ndugu wengi tu. Kuna mpaka mama mdogo mchawi.

FundiMajengo (Moshi)

Dogo, spika niliijaribu. Tatizo haijibu. Mama akiuliza "huyu ni mtoto wa nani tena?" yule msomaji anaendelea tu na muziki wake, na mama anamkasirikia kama mtu aliyekosa adabu. Akisomewa na mimi ananisimamisha, tunagombana, tunaendelea. Kuna jioni tunasoma kurasa mbili, zilizobaki ni kesi.

Na huyo mama mdogo mchawi ndiye aliyetuondoa kwenye simu, maana kila hadithi anaye. Mama anasema waandishi hao hawajawahi kulelewa na mama mdogo wa kweli, wangejua kwamba anayekutesa ni yule anayekupenda huku anahesabu unga.

Mwalimu, shikamoo, na asante sana. Hicho cha Kitereza natafuta kuanzia kesho.

BintiPangani (Usa River)

Dada Fundi pole na hongera, mama wa namna hiyo ni bahati. Mimi nimezaliwa Pangani nimeolewa huku kwa Wameru, kwa hiyo mambo ya kusomea wakwe nayajua, ila wa kwangu anapenda magazeti.

Namuunga mkono mwalimu ila nina wasiwasi na Nyota ya Rehema kwa jambo moja, Kiswahili chake. Ni kitamu, lakini ni cha Unguja hasa, na umesema hutaki kusimama kila mstari. Kwa kuanzia na watu wa visiwani mimi ningekupa Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi, ya 1999. Inakwenda yenyewe, mazungumzo mengi, watu wanacheka. Yasmin ni binti wa Kihindi aliyeozwa bado mdogo kwa Bwana Raza, mzee mwenye duka, wakati wa Mwingereza. Anamkimbia mume. Ndugu zake wanamfungia mlango kwa aibu, anayempokea ni Mwajuma wa mtaa wa Ng'ambo palepale Unguja, shoga yake, ambaye hana kitu ila chumba na ngoma. Halafu anatokea Denge, kijana wa siasa anayewindwa na polisi, na mapenzi yenyewe yanakuwa ya kujificha. Mama akiuliza wanakula wapi, majibu yapo: kwa Mwajuma, na sufuria ni moja. Ila mwambie mapema ndugu wa damu humo hawana sifa. Ndugu ni Mwajuma.

Kuna filamu yake pia, ya Amil Shivji, ya 2021. Kwa mama haitamsaidia kitu ila mume wako anaweza kuangalia badala ya mpira bila sauti.

Na kwa ile hamu ya zamani ya Wajerumani, tafuta Peponi ya Abdulrazak Gurnah. Yule Mzanzibari aliyepata Nobel mwaka 2021. Kwa Kiingereza ilitoka mwaka 1994, Kiswahili chake kimetoka Mkuki na Nyota mwaka 2022, mfasiri Ida Hadjivayanis, na amefasiri hadi unasahau kwamba imefasiriwa. Yusuf ni mtoto wa miaka kumi na miwili, anapelekwa na tajiri Aziz pwani, yeye anadhani ni mjomba wake amemchukua matembezini. Kumbe baba yake ana deni, na mtoto ndiye rehani. Dada, wewe umeandika habari za ng'ombe asiyejulikana ni wa nani. Humo ni mtoto. Baadaye anapenda mahali asipotakiwa kupenda, na hata hayo mapenzi yana deni ndani yake, siwezi kusema zaidi nisiharibu. Kuna sehemu nzima Yusuf anakaa kwa Hamid, mfanyabiashara wa mji ulio chini ya mlima wenye theluji. Msomee mama hapo, muulize mlima gani. Na Wajerumani wapo, wanasikika kwa mbali, watu wanaogopana kwa uvumi wao kabla hawajawaona.

Katika riwaya za vita nyingi nilizosoma, Mzungu anaingia ukurasa wa kwanza na bunduki yake, familia zinakuwa mapambo. Humo wenyeji wana dhambi zao tayari, wana biashara yao, wana watoto wao waliowauza, ndipo Mjerumani anafika.

BabaWawili_Tengeru

Salaam. Wanaume tunaosoma mapenzi tupo ila tunasoma tukiwa tumekunja jalada.

Naongeza Barua Ndefu Kama Hii, ya Mariama Bâ wa Senegal. Kwa Kifaransa ilitoka mwaka 1979. Ni fupi. Ramatoulaye amefiwa na mume, yuko eda, anamwandikia rafiki yake Aissatou. Mume alikuwa ameoa mke wa pili, Binetou, rafiki wa binti yao wenyewe. Nilimpa dada yangu alipofiwa, akakaa nacho kitandani wiki nzima, akakirudisha bila kusema neno, halafu akaenda benki kuulizia akaunti za marehemu.

BintiPangani (Usa River)

Kaka Baba Wawili, huyo mama si mjane? Dada Fundi hajasema baba mkwe yuko wapi. Mimi singemsomea mjane mambo ya msiba usiku. Tuwe na huruma kidogo.

BabaWawili_Tengeru

Dada yangu alikuwa mjane wa miezi. Aliyekihitaji ni nani kama si yeye? Kuwaficha wajane habari za wajane wenzao ndiko kunakowafanya wadhulumiwe.

MezaYaVitabu (Arusha)

Nauza vitabu vya mtumba hapa mjini, niseme ya sokoni.

Peponi inapatikana, kipya kabisa, agizeni kwa wachapishaji au muulize duka lolote la vitabu linaloleta vya Mkuki na Nyota. Vuta N'kuvute na Rosa Mistika zinapita mezani kwangu mara kwa mara, hasa shule zikifungwa, wanafunzi wanauza. Angalieni ndani kabla ya kulipa: vingi vimepigiwa mistari na kalamu nyekundu na pembeni kumeandikwa "umuhimu wa elimu". Kitereza sijauza kwa muda mrefu. Mwenye nacho haachii. Moshi jaribuni maktaba ya mkoa, na jaribuni wazee waliokuwa watumishi miaka ya themanini, wale walinunua vitabu vya TPH kwa sababu ndivyo vilivyokuwepo. Huwa viko juu ya kabati, chini ya sanduku la vyombo vya harusi.

Halafu naomba jambo moja. Msinunue fotokopi. Ninazikataa mezani kwangu na wateja wananinunia, lakini ukurasa wa 60 unafuatwa na wa 75, halafu mnasema mwandishi hajui kusimulia.

FundiMajengo (Moshi)

Wakuu nimerudi na taarifa. Samahani kwa ukimya, ilikuwa msimu wa sare za kwaya.

Nianze na ugomvi wenu. BintiPangani, ndiyo, mama ni mjane, baba alifariki zamani kidogo. Nilimuuliza mwenyewe: mama, kuna kitabu cha mjane, nisome au niache? Akanijibu, "Kwani mjane ni ugonjwa wa kuambukiza?" Nikasoma, Barua Ndefu alituma Baba Wawili kwa basi, Mungu ambariki.

Nilidhani atalia pale kwenye msiba. Hakulia. Alilipuka kwenye nyumba. Inagundulika kwamba Modou, yule mume aliyekufa, aliweka rehani nyumba aliyoichuma pamoja na mke mkubwa ili apate mkopo wa kumnunulia nyumba nyingine mke mdogo. Mama alinisimamisha. "Soma tena hapo." Nikasoma tena. "Hati ilikuwa na jina la nani?" Jina la mume peke yake, mama. "Na fedha?" Za wote wawili. Akaita kwa sauti, "Baba!", anavyomwita mwanawe, mume wangu akaja kutoka chumbani. "Kiwanja cha Njia Panda kina jina la nani?"

Sitawasimulia kikao kilichofuata. Nitasema tu kwamba wiki ile tulikwenda ofisi ya ardhi tukiwa wawili, na tulipofika nyumbani mama aliuliza kama tumepewa risiti.

BintiPangani, Vuta N'kuvute tulimaliza pia. Mwajuma amependwa mno, mama anasema angemchukua awe mke wa mwanawe yule wa Mwanza aliyeshindikana kuoa. Yasmin hajampa alama zote. Anasema msichana anayeondoka ndoani bila kujua atalala wapi anawatesa wenzake. Nikamuuliza sasa angefanyaje mama, akae na mzee yule? Akafikiri kweli. "Angeondoka," akasema, "ila angeanza kuweka akiba." Denge hana maoni naye. Amesema wanaume wa siasa wote wanafanana, hata wakati wa Mangi Mkuu Marealle walikuwepo.

Peponi naiweka ya Desemba, ndugu wakija wote kutoka Dar, nataka tuisome mbele ya watu ili hilo swali la mlima ligombaniwe vizuri.

Sasa Kitereza. Mwalimu, nimempata! MezaYaVitabu alisema kweli tupu: mzee mmoja Kiboriloni, mhasibu mstaafu ambaye namshonea suruali, alikuwa nacho juu ya kabati, na sanduku lilikuwepo juu yake. Amenikabidhi huku ananitazama kama namchukulia mtoto.

Ni kama ulivyosema. Mama amekaa wima. Ile jioni Myombekere anakwenda ukweni sikuruhusiwa hata kunyanyuka kuzima jiko, nikasikia maharage yanashika chini nikaendelea kusoma. Kwenye faini ya pombe alinikata kila mstari. Wanatumia ndizi gani? Wanaweka ulezi? Nani ameonja kwanza? Nikawa narudi nyuma kurasa kutafuta majibu, maana kwake mbege isiyo na ulezi ni maji ya ndizi, na mtu akileta maji ya ndizi ukweni harudishiwi mke. Kisha akaanza kunitajia waliopeleka pombe kwa baba yake siku alipoombwa yeye, nani alichelewa, nani alikuja na mtungi haujajaa akasingizia njia. Baba mkwe wangu, kumbe, alikuja mwenyewe kabla ya siku, peke yake, akasimama kwenye miti ya isale mpakani mwa kihamba akijifanya anatafuta mbuzi. Mume wangu hakuwahi kusikia habari hiyo. Alikuwa amesimama mlangoni na chaja mkononi, chaja haijachomekwa popote.

Lawama anazo pia. Anasema Myombekere alichelewa kwenda. Mwanamume anayempenda mkewe anawajibu ndugu zake siku ya kwanza wanapofungua mdomo, hangoji mwanamke achukuliwe ndipo apate miguu. Mwalimu, hapo ukijibu nitamsomea jibu lako, ameshaniambia anakusubiri.

Tatizo lenyewe ni hili. Nakala ya mzee imenyofoka. Nilipokuwa naazimwa sikuangalia mwisho, na jana nimefunua nikakuta baada ya uzi ni jalada tu, hadithi imekatika katikati ya safari. Mama hajaambiwa. Tunasoma polepole, namrudisha nyuma kwa kisingizio cha kukumbushana, lakini wiki hii kurasa zitaisha na yule mama atasikia kwa karatasi.

Mwenye nakala nzima Moshi, Arusha, Machame, popote, naomba niazime. Nitaijia mwenyewe, nitaiwekea jalada la kitambaa, na kama una suruali ya kupunguza au gauni la kuongeza kiunoni njoo nalo, silipishi.

MwalimuMstaafu_Sanawari (Arusha)

Ninacho kizima. Kesho asubuhi nitakikabidhi kwa dereva wa Kosta za Moshi, nitakutumia namba ya gari kwenye ujumbe wa faragha. Jalada la kitambaa nitalipokea.

Na umwambie mama hivi: Myombekere hakuchelewa. Alikuwa anatafuta maneno. Nasubiri rufaa yake.